Kidole cha Mama Mkubwa

Wiki iliyopita tumemzika Idi Huduma, na kama ungekuwepo Mwembesongo siku ile ungedhani tunamzika walii. Turubai lilifunga mtaa mzima, viti vilikuwa vile vya kukodi vinavyovalishwa vitambaa vyeupe utafikiri kuna harusi, na kipaza sauti kilimwaga sifa za marehemu tangu asubuhi. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mnyenyekevu. Aliununulia msikiti zulia. Hakupita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Hilo la mwisho ni kweli tupu, na nitalieleza, maana ndilo lililomlisha maisha yake yote. Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu, nimekaa mkekani pembeni ya Mama Mkubwa Zena, dada wa mama yangu, ambaye alikuwa ameteremka kutoka kwake mlimani, huko juu ya Mlali, kwa ajili ya msiba huu tu. Nilikuwa nimemwambia asijisumbue, magoti yake hayawezi tena safari. Akanijibu kwenye simu, "Nakuja. Nataka nisikie watakavyomsema." Basi akasikia, mpaka sufuria za wali zikaanza kutokota.

Kabla jeneza halijatoka, mdogo wa marehemu, anaitwa Hamza, alishika kipaza sauti akasema yale yanayosemwa kwenye kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, au aliyekosewa na marehemu, asione haya, awaone wanafamilia, na sote tumsamehe ndugu yetu. Wanaume huko nje wakaitikia kwa pamoja kwamba wamesamehe. Walisamehe haraka sana, kwa sababu wengi wao marehemu hakuwaibia. Mama Mkubwa masikio yake yamepungua, akanigusa goti. "Kasema nini?" Nikamrudia maneno yote. Akatazama kidole gumba chake cha mkono wa kulia, akakifuta kwenye kanga. Hapo nikajua kwamba magoti yale hayakuteremka bure.

Mwaka ninaoukumbuka kila nikiona kidole kile ni ule ambao redio na magari ya matangazo yalitupigia kelele kwamba kila mwenye simu akasajili laini yake kwa alama za vidole, la sivyo itafungwa. Watu walipanga foleni juani utafikiri wanagawiwa viwanja vya bure. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kujitegemea. Nilipanga chumba hapa hapa Mwembesongo, kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana, korido katikati, uani choo na bomba ambalo mwenye nyumba alilifunga kwa kufuli na funguo akatembea nayo shingoni. Ndani nilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, beseni la kukandia unga na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukijipinda sana kwenye pembe ya dirisha uliona kipande cha mlima, na Mama Mkubwa kila akija alijipinda hapo aangalie kama mvua inanyesha kwao. Dari haikuwepo. Kuta za vyumba ziliishia njiani, juu kukabaki uwazi mpaka kwenye bati, kwa hiyo wapangaji wote tuliishi chumba kimoja ila tulikatazwa kuonana. Nilijua nani anakoroma, nani anasali kwa kuruka ruka, na nani anamdanganya mkewe kwamba yuko safarini Dodoma. Chumba kilichofuata changu alikuwa amepanga Idi.

Asubuhi nilikuwa nauza chai na chapati Msamvu, nje ya stendi, na kule nilikwishazoea kuona watu wakiibiwa kwa vicheko. Abiria anaonyeshwa simu nzuri dirishani, anabembelezwa, anatoa hela, basi likishaondoka anafungua boksi anakuta kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa kwa ustadi. Mwingine anapandishiwa nauli kwa sababu ana mzigo, anapandishiwa tena kwa sababu anaonekana mgeni, anapandishiwa mara ya tatu kwa sababu hakulalamika zile mbili za kwanza. Nilikuwa nawadharau wezi wale, lakini nikikumbuka sasa naona walikuwa na haya kidogo. Walikimbia. Mtu akiuza sabuni kwa bei ya simu halafu akakimbia, anakiri kwa miguu yake kwamba anajua alichofanya. Idi hakukimbia hata siku moja. Idi alikaa kwenye kiti, chini ya mwavuli, karibu na soko, akisajili laini za simu, na watu wakamfuata wenyewe.

Jina la Huduma alipewa kwa sababu ya maandishi aliyoyachora kwenye meza yake, na kwa sababu ya ulimi wake. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa katika mtaa ambao wote tulivaa ndala. Chini ya meza aliweka chupa ya maji ya baridi na vikombe viwili, na mama yeyote aliyefika na mzigo kichwani alinyanyukiwa kiti, akapewa maji, akaitwa mama yangu. Shikamoo zake zilitoka na kuinama kidogo, mkono kifuani. Wamama wa Mwembesongo walikuwa wakiwasimanga watoto wao wa kuwazaa: mwangalieni Idi. Mimi mwenyewe siwezi kusema nilimshuku. Nilimwona anachosha tu, kama wanavyochosha watu wanaotabasamu kabla hujasema jambo.

Mama Mkubwa alikuwa akiteremka siku za soko na karoti, njegere na tangawizi, akishauza analala kwangu, kesho yake anapanda. Siku hizo chumba kilinukia udongo wa mlimani. Alipika njegere kwa nazi, akakataa nisimsaidie, akala kidogo, akajipinda dirishani kuangalia wingu lake. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu, na vidole vimelainika ncha zote kwa jembe, mawe na kumenya tangawizi, vimekuwa laini kabisa kama mpini wa zamani. Kule kwao alikuwa mtu wa kuaminiwa. Nasema hivyo kwa maana mbili ambazo kila mtu wa kule anazielewa. Kwanza, alikuwa mweka hazina wa kikoba, chama cha wanawake cha kuweka na kukopeshana, na mwaka ule walikuwa wameanza kumtumia michango yao kwenye simu ili kuepuka vibaka. Pili, kwenye misiba na harusi yeye ndiye aliyeshika upawa. Kugawa chakula mbele ya watu mia wenye njaa ni kazi ya mtu mmoja tu, yule ambaye hatampakulia ndugu yake nyama na jirani yake mchuzi. Kijijini kwao upawa ulikuwa wake tangu mimi mtoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku aliyokwenda kusajili laini nilimsindikiza. Idi alipomwona tu akanyanyuka.

"Shikamoo, mama yangu!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kwa dua zako. Karibu kiti, tua mzigo kwanza, kunywa maji. Kitambulisho unacho? Haya, nipe kidole. Bonyeza hapa. Kaza kidogo." Akatazama kimashine chake, akasikitika. "Haijasoma, mama."

"Nisamehe, mwanangu. Vidole vyetu sisi vya jembe."

"Usijali kabisa. Pangusa kichwani kipate mafuta. Haya, tena."

Akapangusa kichwani, chini ya mtandio, akabonyeza. Haijasoma. Akabonyeza cha pili. Haijasoma. Idi akamfutia kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, kwa upole ambao nikiukumbuka natamani kutema mate. Mama Mkubwa akawa anaona aibu, anaomba radhi kila mara kwa kumpotezea kijana wa watu muda. Wizi wa Idi ulikuwa umekaa hapo, kwenye aibu ile. Mashine zile kweli zilivikataa vidole vya wakulima, kila mtu alilijua hilo, mabibi kutoka milimani walikuja wamejiandaa kukataliwa, wengine wamesugua vidole kwa limao toka nyumbani. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kubonyeza tena na tena. Mtu wa mjini mwenye kidole kizima angeuliza. Mama wa mlimani alishukuru kwamba hajafukuzwa. Na huku anabonyeza, Idi akawa akimuuliza mawili matatu.

"Simu unafanyia biashara, mama?"

"Aa, mie biashara gani. Natunza michango ya kina mama wenzangu. Wananitumia humu."

"Mashaallah! Watu waaminifu kama wewe mmebaki wachache. Hao wenzako nikuhamishie namba zao kwenye laini, zisije zikapotea?"

"Utakuwa umenisaidia sana, baba."

Akamtajia majina, huyu wa kikoba, huyu wa kikoba, huyu ni wa kununua karoti muache. Mwishowe mashine ikasoma, Idi akapiga makofi kidogo, nasi tukafurahi. Mama Mkubwa akafungua kikapu akampa fungu la karoti na njegere za kutosha kupika mara mbili. Idi akapokea kwa mikono miwili.

Haukupita muda mrefu, wanawake wa kikoba wakapokea ujumbe. Ulikuwa wa adabu: laini yangu inasumbua, dada zangu, michango ya mwezi huu na marejesho tumeni kwenye namba hii, jina litatokea langu. Wale wanaopenda kuwacheka watu waliotapeliwa wasikilize hapa. Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshazipata meseji za ile hela tuma kwenye namba hii, wakazicheka na kuzifuta kama wewe ulivyozifuta. Hii waliihakiki. Walipotaka kutuma, simu iliwaonyesha jina la mpokeaji, na jina lilikuwa Zena Kibwana, herufi kwa herufi. Wangefanya nini zaidi? Wakatuma. Siku ya kikao wakaja kukaa kwenye nyasi, wakamwambia mweka hazina atoe hesabu, na mweka hazina akawa hana habari.

Aliyenisimulia kikao kile ni yeye mwenyewe, amekaa kitandani kwangu, kanga begani, anaangalia mikono yake. Mwenyekiti wao, Mwanaidi, mwanamke aliyekua naye na kuchezwa ngoma ya unyago pamoja naye, alikuwa amemwonyesha simu. "Hili jina la nani, Zena?" Akasema langu. "Hii hela ilikwenda kwa nani?" Akasema sijui. Jina langu, sijui. Nikiyasikia maneno hayo mawili pamoja hata mimi mtoto wake nisingejua pa kuyaweka. Hawakumpiga, hawakumtukana, watu wa kule hawana makelele. Walimwomba tu funguo ya sanduku. Kisha wiki ile ile jirani yao akafiwa, Mama Mkubwa akaenda jikoni kama kawaida, akanyoosha mkono kuchukua upawa, na Mwanaidi akauchukua kabla yake. Akasema, "Pumzika, dada. Leo nitagawa mimi." Mama Mkubwa alinieleza hayo bila machozi. Akasema tangu azaliwe hakuwahi kukaa msibani akasubiri kupakuliwa.

Tukaanza kuzunguka. Nilibonyeza zile namba ambazo ukizibonyeza simu inakutajia laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako, na zikajitokeza laini ambazo Mama Mkubwa hajawahi kuzigusa, zimepangana hapo na jina lake zuri. Tukaenda polisi, tukaambiwa hayo ni mambo ya kampuni ya simu. Tukaenda kampuni ya simu, ambayo sitaitaja kwa sababu haistahili kutangazwa bure, tukaambiwa hayo ni mambo ya polisi. Ofisini kwao kulikuwa na kiyoyozi na kijana mwenye tai aliyezungumza na sisi huku anaangalia kompyuta. Akasema laini zote zilisajiliwa kihalali, kwa kitambulisho cha mama na alama ya kidole cha mama. "Na kidole hakidanganyi, mama," akasema, akatabasamu kama mtu aliyegundua jambo. Mama Mkubwa akainua gumba lake akamwekea mbele ya pua. "Hiki? Hiki mashine zenu hazitaki hata kukisoma. Kitadanganya kwa lugha gani?" Kijana akatuambia tuchukue namba ya foleni ya dirisha jingine. Nimekutana na wajinga wengi maishani, na baadhi yao nawapenda sana. Yule hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyelipwa kutoelewa, na alikuwa hodari kazini.

Jibu tulilipata nyumbani, tena tunakula. Ilikuwa jioni, nimesonga ugali, Mama Mkubwa amepika njegere zake za nazi, tumekaa kwenye kipande cha mkeka kati ya kitanda na ukuta. Upande wa pili Idi alikuwa anaongea na simu, na kama kawaida sauti ikapanda juu ya ukuta ikateremka kwetu kama mtu aliyekaa nasi.

"We unahangaika na wa mjini wa nini?" alikuwa anamfundisha mtu. "Wa mjini wana maswali. Tafuta wa mlimani, mwanangu. Kidole kimeliwa na jembe, ukimwambia hakijasoma, yeye ndiye anakuomba radhi. Yeye! Atabonyeza mpaka uchoke wewe. We kila akibonyeza unapiga laini mpya kwa jina lake, unapiga nyingine." Akacheka, akapaliwa, akacheka tena. "Kuna bibi mmoja juzi kanipa na karoti."

Mama Mkubwa alikuwa ameshachovya tonge. Likabaki hewani, mchuzi unadondoka kwenye mkeka. Mimi nilitaka kupiga kelele. Yeye akalirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mkono polepole, kidole kimoja kimoja, akafunga kanga vizuri, akatoka. Nikamfuata. Akagonga mlango wa pili.

Idi alifungua na simu mkononi. Akainama, mkono kifuani. "Mama yangu! Shikamoo!"

Mama Mkubwa hakujibu. Sijui kama msomaji wa mbali anaelewa uzito wa jambo hilo. Shikamoo hujibiwa hata ukiwa na hasira, hata ukiwa mgonjwa, ulimi unajibu wenyewe kabla akili haijaamua. Alimwacha ameinama hivyo hivyo.

"Nirudishie jina langu," akasema.

"Jina gani tena, mama?"

"Zena Kibwana. Ulilichukua na kidole changu. Tumekusikia sasa hivi hapo ukutani, na karoti zangu tumezisikia."

Milango ya korido ilianza kufunguka. Idi akaitazama milango ile, na nikaona kwa macho yangu jinsi anavyobadilika, uso ule ule, tabasamu lile lile, sauti tu ndiyo ikapanda ili wote wafaidi. "Jamani, mtusaidie. Huyu mama ana matatizo. Kala hela za wenzake huko kwao, kijiji kizima kinajua, sasa anatafuta pa kutupia. Mimi namheshimu kama mama yangu mzazi." Halafu akainama tena, chini zaidi, mbele ya mashahidi. "Shikamoo, mama."

Na jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye Idi alikuwa akimbebea ndoo, akasema kutoka mlangoni kwake, "Itikia basi, mama. Mtoto anakuamkia kwa adabu." Nyumba nzima ilikuwa na kuta zilezile zisizofika juu. Kila mmoja wao alikuwa amesikia nilichosikia mimi. Lakini Idi aliwakopesha vocha, aliwabebea ndoo, akawaita mama zangu, na kwa bei hiyo walimuuzia masikio yao. Nikaenda polisi peke yangu kesho yake nikaeleza maneno ya juu ya ukuta. Askari akaniuliza kama nilirekodi. Nikasema nilikuwa nakula. Akaniambia nirudi nikiwa na ushahidi.

Mama Mkubwa hakurudi tena kwenye ofisi yoyote. Alipanda kwao, akauza tangawizi yake yote ikiwa bado ardhini, kwa bei ya mtu mwenye shida, akauza na mbuzi, akawarudishia wanawake wa kikoba kila walichopoteza. Nilimkatalia nikamlilia. Nilimwambia huna deni. Akasema, "Wametuma kwa sababu waliona jina langu. Hela iliyofuata jina langu lazima irudi." Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, na ikammaliza. Kwa sababu kule juu watu walikaa wakajiuliza, kama hakuiba, analipa nini? Waliokuwa na shaka, shaka yao ikaisha siku walipopokea hela zao. Mwanaidi akapokea ya kwake, akaihesabu mbele yake, akashukuru. Funguo hakuirudisha, na upawa hakuurudisha.

Idi alihama nyumba ile kabla mwaka haujaisha, akajenga, akafungua duka, akanunua zulia la msikiti. Kila alipokutana na Mama Mkubwa sokoni aliinama kwa shikamoo ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, na kila mara hakujibiwa, na wauza samaki wakasema yule mama wa mlimani ana kiburi. Mimi sasa nina mgahawa wangu Msamvu na mvi zangu za kwanza, na mama yeyote anayeteremka na mzigo akaingia kwangu namwangalizia kwenye simu yake laini zilizosajiliwa kwa jina lake kabla sijamletea chai. Wengine wanaona nawachelewesha. Zikijitokeza za ajabu namshika mkono nampeleka mwenyewe zikafungwe, na wale vijana wenye tai wananijua, wakiniona wananyanyuka. Sina upole nao. Uliisha mwaka ule, kwenye korido ile.

Basi wiki iliyopita wanaume waliporudi kutoka makaburini wakakaa kwenye viti vyao vya harusi kusubiri wali. Mama Mkubwa akaniomba nimnyanyue. Akatoka uani, akapita katikati ya turubai, mimi nyuma yake, mpaka alipokaa Hamza. Watu wakapunguza maneno.

"Umesema anayemdai marehemu ajitokeze," akasema. "Mimi namdai."

Hamza akasimama kwa heshima. Ni mtu mpole, kwa kadiri watu wa nyumba ile wanavyojua kuwa wapole. "Sawa, mama. Ni haki yako. Kiasi gani?" Na kabla hajajibiwa akatoa simu mfukoni. "Nitajie namba yako nikutumie sasa hivi, marehemu apumzike."

Nilicheka kwa sauti. Msibani, mbele ya watu. Sijutii.

"Sidai hela," akasema Mama Mkubwa. "Hela nilishalipa mimi. Namdai jina. Kakako alisajili laini kwa kidole changu, akala michango ya kina mama wa kwetu, halafu akasimama mlangoni akatangaza kwamba mwizi ni mimi. Hicho kipaza sauti unacho. Kitangaze na hilo."

Hamza akakitazama kipaza sauti kana kwamba kinaungua. Akatazama wazee, wazee wakatazama viatu vyao. "Mama," akasema taratibu, "marehemu hasemwi vibaya. Tumwombee tu."

"Basi mwombeeni ninyi," akasema. "Katika waliosamehe, mimi msinihesabu."

Hakupandisha sauti, na hakukuwa na haja. Jikoni, nyuma ya turubai, wapishi walikuwa wameacha kukoroga. Mmoja wao alikuwa Mwanaidi. Binti yake ameolewa katika ukoo wa Idi, kwa hiyo aliteremka kupika kama mkwe anavyopaswa, na tangu asubuhi alikuwa akipita mbele ya mkeka wetu bila kugeuza shingo. Sasa alikuwa amesimama na upawa mkononi, wali unadondoka kwenye kandambili zake. Alikuwa amemsikia Hamza. Kila mtu alimsikia. Mtu ambaye kaka yake amesingiziwa husema, "Ni uongo, kaka yangu hakufanya." Hamza alisema marehemu hasemwi vibaya.

Mwanaidi akaja mpaka tulipokuwa tumesimama. Hakuomba radhi, na namdharau kwa hilo mpaka leo, kwamba miaka yote ile neno la rafiki yake halikumtosha, alihitaji maiti na kipaza sauti. Akanyoosha upawa, mpini mbele. "Dada Zena," akasema, "watu wana njaa. Njoo utugawie."

Mimi ningeutupa kwenye mchanga. Mama Mkubwa aliupokea, akaenda kukaa kwenye kigoda mbele ya sufuria kubwa, magoti yake mabovu pande mbili, akaanza kupakua. Alipakua kama zamani, kila sahani na haki yake, mtoto na mzee, ndugu wa marehemu na muuza maji aliyepita njia. Hamza akaja kwenye foleni na sahani yake. Akainama, mkono kifuani, kama alivyofundishwa nyumbani kwao.

"Shikamoo, mama."

Mama Mkubwa akamwekea wali wa kutosha, akamchagulia nyama nzuri, akamwagia mchuzi mpaka ukingoni, akamkabidhi sahani kwa mikono miwili. Kisha akatazama nyuma ya Hamza na kumwita mwingine asogee.